Mdundo wa Kumvusha Mama Mlangoni

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona? Sisi wazima, isipokuwa Mama. Ule ugonjwa wa kutetemeka umeshuka miguuni. Anatembea vizuri, akifika mlangoni miguu inaganda. Jana aliganda akienda msalani. Kanga yake nimeifua, aibu yake sijui niifue na nini. Daktari anasema ubongo wake umepoteza mwendo wa ndani, ila mdundo uliotulia unaweza kuuazima mwendo mwingine. Mpiga ngoma wa familia ni wewe. Mimi nilibaki na Mama, wewe ukaondoka na kipaji. Basi kitumie.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Kifua kimepona, moyo ndio umeugua niliposoma. Nimerekodi ngoma na kukutumia, mwekee kwenye simu. Na usinune, uso utabaki hivyo.

Mdogo wako

15 Machi

Marahaba, na lawama juu. Nimehesabu kwa saa ya ukutani: mapigo mia na thelathini kwa dakika! Huyu ni mama yako au mwanajeshi? Mlango alivuka, akavuka na kiti, akaniangukia mimi. Hajaumia. Alicheka mpaka machozi: "Mwanangu huyo! Toka mdogo hajui kunisubiri." Mimi ninayemsubiri kila siku, hata jina hanitaji. Tuma wa themanini.

Dada yako

22 Machi

Shikamoo dada, pole kwa kuangukiwa. Themanini mkono umekataa. Kila nikipunguza unatulia kwenye sabini na sita, sijui kwa nini. Mjaribu na huu.

Mdogo wako

3 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo, na leo namaanisha. Mdundo wako ulimfaa wiki nzima. Jana simu ikazimika, naye kasimama mlangoni. Nilikuwa nashona gauni la mteja, bibi harusi, na hasira zangu. Nikasema, leo Mama atangoja kidogo. Nikakanyaga cherehani langu kuukuu. Kuinua macho, Mama yuko ubavuni pangu! Nikatoa mguu, akaganda. Nikakanyaga, akatembea. "Endelea mama, usiniache njiani," akaniambia. Nimehesabu mapigo ya mguu wangu mara tatu. Sabini na sita. Nani kakupa namba yangu?

Dada yako

8 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo mara sabini na sita. Umenipa wewe. Umesahau nilivyokuwa nalala kwenye vitambaa chini ya meza yako, nikitoka shule, mpaka umalize kushona? Watu wakiniuliza nani alinifundisha ngoma, huwa nasema nilijifunza mwenyewe. Nimekuwa mwongo miaka yote hiyo bila kujua.

Nakuja Jumamosi, saa nne asubuhi. Nikibisha, usinyanyuke. Wewe kaa kwenye cherehani ukanyage.

Nataka Mama aje kunifungulia.

Mdogo wako wa chini ya meza