Nusu Anayoimba Baba

Nyumbani,
Jumanne, baada ya shule.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Goti linaendeleaje? Mama anasema bado linakusumbua kwenye ngazi, na mwenye nyumba wenu hajatengeneza lifti. Binamu zangu hawajambo? Yule wa mwisho ameacha kula chaki? Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala. Mama mzima. Mdogo wangu mzima kupita kiasi. Habari za Baba nitakueleza.

Ningekupigia simu, lakini unanijua. Kwenye simu maneno hunikauka, nikishasema "haloo" nimemaliza hotuba.

Baba ametoka hospitali. Analala chumba cha mbele, kwenye kitanda changu, kwa sababu mlango wa chumba chao ni mwembamba na kiti cha magurudumu hakipiti. Tangu kiharusi kimpige, mkono wa kulia haujarudi, nawe unajua maana yake kwa kinyozi. Ndevu zake sasa ananyoa Mama, upande mmoja juu, upande mmoja chini. Wateja wake wakija kumwona husema "kinyozi hajinyoi", wanacheka, kisha wanatafuta pa kuangalia.

Akili yake ipo. Daktari alisema anatuelewa vizuri, ila njia ya kutolea maneno ndiyo iliyoharibika. Limebaki neno moja tu: "kesho". Akitaka maji, kesho. Akikataa uji, kesho. Mdogo wangu alimwomba hela ya kalamu, akajibiwa "kesho", akakimbia jikoni kutangaza kwamba Baba amepona. Mama akasema, "Basi hakuna jipya. Hata kabla ya kuumwa ilikuwa kesho." Walicheka. Mimi nilicheka kwa sababu wao walicheka.

Shangazi, kuna jambo sijamwambia mtu. Mimi niko kwenye kikundi cha sifa kanisani, safu ya nyuma karibu na spika, pale ambapo mtu haonekani. Tulifundishwa kwamba kusifu ni kumshukuru Mungu kwa aliyoyatenda, na kuabudu ni kumwinamia kwa jinsi alivyo. Nililipenda somo hilo, lilikuwa limepangika kama sarufi. Sasa nikisimama kuimba, kwa aliyoyatenda mwaka huu sioni la kutaja, na kwa jinsi alivyo, moyo umekufa ganzi. Sina hasira naye. Ningekuwa na hasira ningeshukuru, angalau kungekuwa na kitu ndani. Nainua mikono wenzangu wanapoinua, nashusha wanaposhusha. Nikaona huu ni unafiki. Nikaamua kuacha kuimba, kanisani na hata nyumbani.

Nataja nyumbani kwa sababu Mama ametuagiza kila jioni tuimbe kando ya kitanda cha Baba ule wimbo aliotunga Babu, mliokuwa mkiimba utotoni, mmoja anaanzisha na wengine wanamalizia:

Umetulinda mchana kutwa,
tutunze na usiku huu;
tulichonacho ni pumzi tu,
nayo twakurudishia.

Jioni moja Mama alikuwa jikoni na zamu ya kuanzisha ilikuwa yangu. Nilipofika "tulichonacho ni pumzi tu", nikanyamaza. Sikulia. Niliona tu kwamba sina sababu ya kuendelea.

Baba akamalizia. "Nayo twakurudishia." Sauti yake ileile nzito, na neno lile refu akalitamka lote.

Nikamwambia, "Baba, umeimba!"

Akanitazama, akasema, "Kesho."

Nilimwita Mama, akaja na mwiko mkononi. Nikaanza tena, nikaacha palepale, naye akamalizia tena. Mama alipiga magoti sakafuni na mwiko wake, akalia na kushukuru mpaka uji ukaungua. Mimi nilisimama nikisikia harufu ya uji.

Kwenye maktaba ya shule nimesoma kwamba nyimbo huhifadhiwa upande mwingine wa ubongo, mbali na maneno ya kawaida, kwa hiyo mtu anaweza kupoteza haya akabaki na zile. Nilimweleza Mama. Akasema, "Na aliyeziweka upande huo ni nani? Soma, mwanangu, lakini usinisomee muujiza wangu mpaka ukaisha."

Mdogo wangu mdomo wake hauna mlango. Habari zikafika kanisani, na fundi cherehani anayeongoza kikundi chetu akaja nyumbani kabla hata hajavua utepe wa kupimia shingoni.

"Jumapili aje mbele," akasema. "Watu waone Mungu anavyotenda."

Nikamwambia, "Lakini mimi nilitaka kukuambia kwamba..."

"Utaanzisha wewe. Si sauti yako ndiyo anayoitikia? Usiogope, hakuna atakayekula."

Mama alishakubali.

Jumapili tulimvalisha shati la bluu. Mchungaji akamsogezea maikrofoni mdomoni. Nilianza, nikafika kwenye pumzi, nikaacha. Kimya. Nikarudia. Kimya. Baba aliwatazama watu, akaitazama maikrofoni, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Kesho."

"Amina!" mtu akaitikia kutoka nyuma. "Kesho! Bwana anatenda kesho!"

Kanisa zima likasimama. Mpiga kinanda akaongeza mwendo, watu wakaruka na kupiga vigelegele. Walidhani ametoa unabii. Baba akawa anasukuma maikrofoni kwa mkono wa kushoto, "kesho, kesho", na kila akisema walishangilia zaidi. Alikuwa anaomba turudi nyumbani. Mama akafungua breki za kiti, tukatokea mlango wa pembeni.

Fundi cherehani akatufuata mbio. "Mbona mnaondoka, na upako ndiyo kwanza umeshuka?"

Mama akamwambia, "Nasi tunashuka, dada. Shika gurudumu lile, ngazi ni kali."

Akashika. Alipouona uso wa Baba kwa karibu, akalishika kwa mikono miwili.

Jioni ile hakuna aliyetaja wimbo. Mama alikuwa anakunja nguo. Baba akaanza kugonga ubao wa kitanda. Tukampa maji, akakataa. Mto, hapana. Blanketi, hapana. Nilijua anachotaka, nikasita, kwa sababu ndani yangu palikuwa pakavu vilevile. Nikiimba, nitakuwa nasema nisichokihisi. Nisipoimba, hana neno la kumwambia Mungu, wala sisi, isipokuwa lile moja.

Nikaimba nusu yangu. Akaimba yake. Akaacha kugonga.

Sijui kama Baba anaabudu au ni kinywa tu kinachokumbuka. Nimelifikiria hadi nikagundua kwamba swali hilohilo linanihusu mimi, na kwangu pia sina jibu. Zamani nilidhani ibada huanzia moyoni ndipo ije mdomoni. Huenda kwa wengine ndivyo. Kwangu sasa ni kama kukunja shuka: nashika ncha zangu mbili ili mwenzangu aweze kushika zake.

Jana nilikwenda kwa fundi cherehani, nikamwambia siachi kikundi, ila Baba hatapelekwa mbele tena. Alikuwa na pini mdomoni, akaitikia kwa kichwa.

Bado sihisi kitu, Shangazi. Naimba hivyohivyo.

Sasa nina ombi. Mama anasema ulipopiga simu ulimuuliza Baba mtaongea lini vizuri, akakujibu "kesho", nawe siku ya pili ukashinda na simu mkononi ukidhani atapiga. Tangu hapo hujapiga tena. Tafadhali usimwekee kinyongo. Piga jioni, Mama ataiweka simu sikioni mwake. Usimuulize hali, usimpe pole. Anzisha wimbo wa baba yenu, ufike kwenye pumzi, unyamaze. Huenda asiitikie, sauti yako hajaisikia muda mrefu, na kanisani hata yangu aliikataa. Ukisikia kimya, usikate. Subiri kidogo.

Wasalimie binamu zangu wote, na yule jirani yako muuza maua aliyenitumia kitabu. Mama anakusalimu sana. Mdogo wangu naye anakusalimu, anauliza huko mipira inauzwaje. Salamu za Baba nakuachia uzipokee mwenyewe.

Mungu aliyekutunza mchana akutunze na usiku, na goti lako alipe nguvu ya kupanda ngazi.

Ni mimi, binti wa kaka yako, ninayekupenda hata ninapokosa la kusema,

Msomi wako.