Mchezo Uliolazwa Chini ya Beseni

Yaya yangu Déo, kaka yangu mkubwa,

Ungekuwa hapa ungenikatiza tangu neno la kwanza. Ungesema naanza hadithi katikati kama kawaida yangu, niweke kwanza kila kitu mezani ndipo niulize swali. Haya basi, naweka, na usinisumbue.

Unakumbuka karata za kwanza? Zilifika na binamu yetu aliyekuwa anafuata bidhaa Kampala, pakiti ndogo zilizofungwa, hujui ndani kuna nini mpaka upasue. Mchezo una jina refu la kigeni. Siye tukauita Ngome, kwa kuwa kila mchezaji ana ngome yake na askari wake, na anayebomoa ya mwenzake ndiye ameshinda. Vijana wote wa mtaa wetu wa Bigo wakashikwa. Walibadilishana karata, walikopeshana, waligombana. Na kugombana kule, yaya, sijui nikueleze nini weye uliyekukalia katikati. Kila karata imeandikwa amri yake, na amri ya karata moja ikikutana na ya nyingine hakuna anayejua ipi inasikilizwa. Hapo ndipo ulipopatia cheo chako. Siku za kazi ulitibu ng'ombe za watu, Jumapili baada ya ibada ulikuwa arbitre, mwamuzi wa Ngome, sebuleni kwa mama, na sijui kazi ipi uliipenda zaidi.

Nasema uwongo. Najua sana.

Nilikuwa naosha vyombo siku uliponifundisha ile ya kujibizana. Mmoja anacheza karata, mwenzake anaijibu kwa karata nyingine, wa kwanza naye analijibu hilo jibu. Ipi inafanya kazi mbele? Ukanionyesha rundo la sahani chafu. "Ya mwisho kuwekwa juu ndiyo unaosha ya kwanza," ukasema. Nikakuambia basi uoshe na weye tuone, ukatoka mbio. Lakini nilishika. Mpaka leo mtu akiniuliza mfuatano wa karata, naziona sahani za mama na mafuta ya mboga ya sombe juu yake.

Halafu lile swali la mpiga mishale. Ulikuwa unacheza na Faustin, rafiki yako wa kufa na kuzikana, yule muuza vipuri vya pikipiki ambaye alikula kwetu kuliko kwao. Faustin alikuwa amekwisha kutangaza mshale, ndipo weye ukamuua mpiga mishale wake. Mimi nikadakia: mwenye upinde amekufa, sasa nani anapiga? Nilikuwa nakutetea, mjinga mimi. Weye ukajihukumu mwenyewe. Mshale ukishatoka umetoka, ukasema, kifo cha mwenye upinde hakiurudishi. Ngome yako ikabomoka pale pale. Faustin akacheka mpaka akapaliwa, mama akamletea maji huku anauliza ni nani amekufa tena kwenye hayo makaratasi yenu.

Ulikuwa na sheria zako ambazo haziko kwenye kitabu cha mchezo. Anayemuuliza arbitre swali hataji jina. Anasema mchezaji wa kwanza, mchezaji wa pili, basi. Mji wetu tunaujua, ukishasikia jina unaanza kupima: huyu ni wa kwa nani, wakubwa wake walitufanya nini. "Jina inaharibu masikio," ulikuwa unasema. Watu walikuona unajifanya hakimu, na mimi nilikuwa wa kwanza kukucheka. Lakini sikumbuki mtu aliyetoka kwetu akisema ulimpendelea mwenzake.

Na ile ya kulaza mchezo, hiyo uliitoa kwa mji wetu wenyewe wa Bunia. Kitabu kinasema mchezaji akitoka mezani ameshindwa, na karata zake zote zinaondoka naye. Weye ulikataa. Ulisema walioandika kitabu hawajawahi kucheza mahali ambapo risasi zinasikika ng'ambo na kila mtu anakimbilia nyumbani kwao kuhesabu watoto. Hapa kwetu mtu hatoki mezani kwa kupenda. Kwa hiyo mchezo unalazwa: karata zinaachwa zilivyo, zinafunikwa beseni, na hakuna wa kuzigusa mpaka aliyetoka arudi ao ijulikane wazi kwamba harudi tena. Na kila mara mlirudi. Mlifunua, mkaendelea, hata matusi mliyaendeleza pale mlipokuwa mmeyaachia.

Siku uliyokwenda Fataki ulikuwa unacheza na Faustin tena. Ulikuwa unashinda, nalisema hapa watu wasije wakalibisha. Simu ikalia: ng'ombe za mjomba huko Fataki zinatoa povu mdomoni, hazili, hazisimami. Barabara ilikuwa imetulia, watu walikuwa wanapita. Mama alisema ungoje magari yapite pamoja na askari. Ulimjibu kwamba ng'ombe haijui kungoja askari. Ukachukua mfuko wako wa dawa, ukafunika mchezo kwa beseni la bluu, ukamwonya Faustin asichungulie karata zako. Mama alisimama barabarani mpaka sauti ya pikipiki ilipopotea, na aliporudi ndani alikuwa anafuta macho kwa kitenge. Mimi nilimtania kwamba anamlilia mtu mzima mwenye ndevu. Hakucheka.

Ulipiga mara moja kusema umefika, mvua ni kubwa, usikivu ni mbaya. Baada ya hapo namba yako ikawa inaita tu. Halafu ikaacha hata kuita. Ya mjomba nayo vilevile. Tukasikia wenye bunduki wamepita upande ule, watu wamekimbilia porini, nyumba zimechomwa. Tukajiambia yuko porini na wengine, hana moto wa kuchaji simu. Hilo tulilisema sana, yaya. Tulilisema mpaka likawa kama salamu ya nyumbani.

Beseni likakaa mezani. Mama alifagia akilizunguka. Wageni waliweka vikombe vyao sakafuni. Shangazi mmoja alitaka kulichukua afulie, mama akamshika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

Vijana hawakuacha kuja, na maswali yao wakayaleta kwangu. Walinitesa. Kila nikikata neno wanabisha: mwanamke anajua nini ya vita, Déo angesema vingine, tungoje Déo arudi. Niliwatoa jasho. Nilikuwa nawafungulia kitabu kwenye simu, nawasomea mstari kwa mstari, na bado wanabisha. Nikienda jikoni nacheka peke yangu, maana kila walipobisha kwa jina lako niliona kama uko karibu.

Kilichonitia hofu ni Faustin. Mwanzoni kila akifika alikuwa anapiga namba yako mbele yetu, sauti imefunguliwa, sote tusikilize ule ukimya. Siku moja hakupiga. Jumapili iliyofuata hakupiga tena. Akaacha kukaa kwenye kiti chake, akawa anakaa karibu na mlango. Akaacha kula kwetu, Faustin yule yule aliyekuwa anasikia harufu ya sombe kabla sufuria haijafunuliwa. Akasema ni tumbo. Mama akimsalimu anaitikia huku anatazama viatu vyake. Na beseni alikuwa hapiti karibu nalo, anazunguka nyuma ya viti vyote ili afike upande wa pili. Niliyaona yote hayo na sikumuuliza kitu. Niliogopa. Nilikuwa naomba Jumapili isifike, na ikifika naomba asije, na asipoonekana mpaka saa tisa naanza kutazama barabarani.

Jana alikuja. Vijana walikuwa wamejaa, mama amekaa kona ya nyuma na ungo wa maharagi, anachagua mawe. Tulikuwa tumemaliza ubishi mmoja wa askari wawili wanaouana kwa mara moja. Faustin akanyoosha mkono toka mlangoni.

"Arbitre, niko na swali."

Nikamwambia aseme.

"Muchezaji wa kwanza alitoka, muchezo ikalala. Muchezaji wa pili amejua jambo juu ya ule wa kwanza. Pale mezani hakuna mwengine mwenye kuijua. Analazimishwa kusema, ao anaweza kunyamaza?"

Kijana mmoja akasema hilo si swali la Ngome. Wengine wakamnyamazisha. Nikajibu ulivyonifundisha, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kushika. Nikasema kuna mambo ya mezani na kuna mambo ya mkononi. Karata ulizoshika ni zako, hulazimishwi kuzitangaza. Lakini mchezo ukiwa umelala unangojea jambo moja tu, kujua kama aliyetoka atarudi, kwa hiyo jambo hilo ni la mezani. Mchezaji wa pili halazimishwi kuanza yeye. Akiulizwa wazi, lazima aseme kweli.

"Na mwenye kumuuliza ni nani?" akasema Faustin.

Nikasema ni yeyote anayemngojea aliyetoka.

Akanitazama. Hajawahi kunitazama hivyo tangu tufahamiane. Alikuwa ananisihi nimuulize, mbele ya watu, ili alazimike. Nikaelewa pale kwa nini. Kwetu habari ya msiba hailetwi na kijana, tena wa nyumba nyingine. Inaletwa na mkubwa wa ukoo, anakaa kwanza, anaita watu, ndipo anasema. Mkubwa wetu ni mjomba wa Fataki. Kama mjomba hayupo wa kuja, Faustin angepitia wapi? Alikuwa amebeba mzigo ambao mila haimruhusu kuushusha, akatafuta mlango, akaupata kwenye sheria yako.

Na mimi nilikuwa na swali tayari mdomoni. Ni maneno machache tu. Nikatazama vijana, nikatazama dirisha, nikaanza kusema chai imepoa, nani anataka chai.

"Faustin."

Ilikuwa mama. Hakuwahi kujifunza Ngome, hajui askari wala ngome, lakini nadhani alikuwa amesikiliza kila neno tangu siku ya kwanza. Ungo ulikuwa bado mapajani.

Faustin akasimama.

"Mutoto yangu iko wapi?"

"Mama, walimuzika pembeni ya barabara," akasema. "Pamoja na muzee mujomba."

Akaeleza yote, amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Kaka wa baba yake anapakia maharagi upande ule. Wenye bunduki walipoondoka, yeye na wengine waliokuwa wamejificha walirudi kuzika watu. Alikutambua kwa uso, alikuwa amekula na weye huko nyuma. Mfuko wa dawa ulikuwa bado begani. Weye ulikuwa unarudi mjini pamoja na mjomba, yaya. Ulikuwa umeshaanza kurudi. Faustin alisema alikwenda kwa wazee kadhaa kuomba waje kwetu, mmoja akasema angoje amani, mwingine akasema mama ana tansio, damu yake inapanda, asije akaanguka. Naye akawa anakuja kila Jumapili na kurudi na habari hiyo nyumbani kwao.

Mama hakulia. Aliendelea kushika maharagi yaliyokuwa kiganjani, akayatazama, akatoa jiwe moja akaliweka kando. Nilifikiri hakusikia. Ndipo akageuka kwangu.

"Weye ndiyo arbitre hapa. Watu wanangoja. Déo ametoka kabisa mchezoni ao bado tunamngoja?"

Yaya, nilitafuta. Sijawahi kutafuta hivyo. Nilipita kwenye sheria zako zote, za kujibizana, za kufufua, za karata inayorudi mkononi badala ya kwenda kwa wafu, nikitafuta hata mstari mmoja wa kuniruhusu kusema tungoje. Mama alikuwa ananitazama bila kupepesa. Nadhani angengoja mpaka usiku. Nadhani pia kama ningesema hujatoka, angelikubali, na angefagia akizunguka ile meza mpaka afe.

"Ametoka kabisa, mama," nikasema.

Ndipo akalia. Mpaka jana nilifikiri nimewahi kusikia mama akilia, kumbe sikuwahi.

Leo nyumba imejaa watu wa matanga, moto umewashwa uani, wanaume wanakaa kwenye benchi za kanisa. Hatuna mwili. Barabara haipitiki, na wanaosema inapitika ni wale wale waliosema hivyo siku yako. Faustin amekwisha kuangalia magurudumu ya pikipiki yake mara kadhaa, anasema lazima mtu wa nyumba hii aone kaburi kabla majani hayajalifunika. Nimeficha ufunguo wake. Nimekukasirikia, yaya, kwa ajili ya ng'ombe zile, na nikikasirika nakutafuta nikugombeze. Mama amelala na kitenge chako cha kujifunikia, na anapoamka ananitazama mimi kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Sijui kama ananishukuru ao ananilaumu. Sina ujasiri wa kumuuliza.

Lala, yaya. Lala huko ulikolazwa na watu wasiokujua vizuri, mpaka siye tupate njia ya kufika.

Nakwambia jambo moja nimalize, kwa sababu najua ungetaka kulijua. Tangu uondoke, vijana hawa wamebishia kila neno nililokata. La jana nilikaa nikingoja. Nilitazama uso mmoja baada ya mwingine, nikiwaomba moyoni hata mmoja tu abishe, aseme Déo angesema vingine.

Hakubisha mtu.

Ni mimi, mudogo wako wa kike