Bado Wanalia

Kaka yangu Deodatus,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba baridi ya mlimani haijaharibu kabichi. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio unaoumwa, na nimechoka kujifanya mzima.

Mazungumzo ya amani yamevunjika. Unajua ujumbe wetu ulikuja huku Ulaya kupatanisha nchi mbili zinazopigana, na mimi ni mkalimani tu, kazi yangu kupeleka maneno ya huyu kwa yule. Lakini kaka, wiki tatu watu wazima walikaa wakitazama ramani, wakigombania mto na daraja, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Nikamkumbuka Baba. Nikajiambia hawa wamekosa mtani.

Unakumbuka koo mbili zilivyogombania mfereji lilipopimwa shamba la ujamaa? Walishikiana mapanga, hata balozi wa nyumba kumi akajifungia ndani. Baba akaitwa kwa kuwa ni mtani wao. Mimi nilipoingia barazani na chakula, nilimkuta anawatukana wote, huyu kichwa kama kibuyu, yule mwizi wa maji tangu tumboni mwa mama yake, nao wanacheka. Wakala sahani moja.

Basi nami nikajitia mtani. Nikawaomba wapishi wa hoteli sinia moja la wali na kuku, nikaliweka mbele ya wakuu wa pande zote mbili wakati wa mapumziko. Nikawatania: "Kwa matumbo haya, wazee wangu, vita mnapigana saa ngapi?"

Mmoja alitabasamu kidogo. Yule mwingine, mzee mwenye mvi, aliweka kijiko chini polepole. Akaniambia, "Binti, mwanangu hana hata kaburi. Unataka nicheke na nani?" Akainuka. Kesho yake ujumbe wake ukarudi kwao, na sasa redio inasema mabomu yameanza tena. Mkuu wetu ananifariji kwamba mazungumzo yangevunjika tu, hata bila mimi. Huenda ni kweli. Lakini uso wa yule mzee hauniondoki, na nimelia mpaka macho yamevimba.

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Siku ile ya mfereji nilikuwa jikoni na Mama tangu asubuhi. Mara mbili nilitaka kupeleka ugali, mara mbili akanishika mkono. "Subiri," alisema, "bado wanalia." Ugali ulipoa, tukasonga mwingine. Mimi niliona kicheko na sahani, nikadhani hiyo ndiyo kazi ya Baba. Wewe ulikaa naye barazani. Wewe uliwasikia wakitaja watu wao waliowapoteza, mmoja mmoja, na wa upande wa pili wamekatazwa kujibu.

Kaka, na kwako nilifanya vilevile. Baba alipofariki, simu ya maandishi ilinifikia mapema. Ningeweza kuja. Niliambiwa mazungumzo ya wakati ule hayawezi kubaki bila mkalimani, nami nikakubali upesi mno, kwa sababu niliogopa kumwona amelala. Hilo sijamwambia mtu. Ukamzika peke yako, mimi nikakuandikia kwamba yaliyopita tuyaache, nikakutumia sweta ya sufu. Mama ameniandikia kwamba hujaigusa, ipo juu ya kabati kama ilivyofika. Nilikasirika. Nikasema una moyo mgumu. Nisamehe, nilikuletea sahani kabla hujalia.

Basi niandikie. Anza na asubuhi ile, nani alikuja kukuita, Baba alisema nini mwisho, kama aliniulizia. Usinionee huruma. Nitasoma yote na sitajitetea hata kwa mstari mmoja.

Mpe shikamoo Mama, umwambie mguu aukande kwa maji ya moto. Msalimie shangazi anayeuza njegere sokoni Morogoro, na katekista aliyemsomea Baba sala kaburini, maana alisimama mahali pangu. Wanao wabusu.

Na ile sweta, kaka, usiivae kwa ajili yangu. Iache hapo hapo juu ya kabati mpaka umalize kusema.

Mdogo wako anayekusikiliza,
Veronika