Nilivyomsomea Mama Mkubwa Tamthilia

Duka la Ushonaji,
Cherehani ya Dirishani,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa kaka yangu Barafu,

Pokea salamu zangu, tele kama vipande vya kitambaa vilivyojaa chini ya meza yangu leo. U hali gani huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Mtu anayeshinda na kichwa ndani ya majokofu ya watu, halafu anatoka juani na fulana, kikohozi hakimwonei. Vaa sweta, kaka. Ufundi haukatazi sweta.

Sisi huku tu wazima. Mama mkubwa anakula vizuri na anagomba vizuri, ila macho ni yale yale. Ukungu umezidi jicho la kushoto, na foleni ya upasuaji bado ndefu. Daktari amesema tusubiri miezi mitatu. Mimi ni mgongo tu. Msimu wa sare za shule umefika, na kila mzazi anataka ya mwanawe iishe jana.

Ile riwaya ya upelelezi uliyonitumia nimeimaliza. Mpelelezi wako mzembe, nisamehe. Mimi muuaji nilimjua ukurasa wa arobaini, pale alipojitolea kuwapikia chai waombolezaji wote. Nani hujitolea hivyo bila sababu? Yeye mpelelezi akazunguka kurasa mia mbili na kofia yake. Lakini yule mwanamke mwenye hoteli nimempenda, na wangemuua mapema ningeitupa jalalani.

Wewe unanijua. Nikianza kuchambua vitabu ujue kuna kitu nimevunja na naogopa kukisema.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza umemkosea nini mama yako hata hataki kuja kwenye simu, mwezi wa tano huu. Umeomba uje na mchumba wako apate kumwona, jibu likarudi kwamba ufanye unavyotaka. Nami nikakuandikia kwamba sijui, labda macho yanamsumbua. Nilikudanganya. Hukumkosea lolote. Ni mimi, kaka.

Unaikumbuka ile tivii ndogo juu ya kabati la vitambaa. Kila siku saa kumi alasiri kuna tamthilia ya nchi za watu. Wanaongea lugha ambayo dukani hakuna aijuaye, na Kiswahili kinapita chini kwa maandishi. Zamani mama mkubwa alikuwa akijisomea, tena akitucheka kwa uvivu wa macho. Macho yake yalipofifia, kazi ya kusoma ikawa yangu. Yeye anakaa kwenye kigoda anashona vifungo kwa kupapasa, mimi nasimamisha cherehani na kusoma kwa sauti. Kila mtu nimempa sauti yake: ya mzee, ya tajiri, ya mtoto mdekaji. Wapo wateja waliokuwa wakija kuchukua nguo saa kumi makusudi, nami kichwa kikavimba.

Majina ya wale watu hayakai mdomoni, kwa hiyo tuliwabatiza. Bwana Sanduku ni kifungua mimba aliyeondoka kwao kutafuta kazi akakaa miaka tisa. Dada Funguo ni mdogo wake, aliyebaki na mama yao mgonjwa. Duka likagawanyika. Muuguzi wa zahanati, yule mteja wetu mrefu ambaye kila suruali yake lazima ishushwe pindo, akawa upande wa Bwana Sanduku, na fundi viatu wa mlango wa pili naye vilevile. Mimi nikawa wa Dada Funguo, tena mkali. Nilisema na nitasema hadi kesho: mtunzi wa tamthilia ile anamwonea yule dada. Anafua, anapika, anamgeuza mama kitandani, na hapigiwi hata filimbi. Bwana Sanduku akishuka tu garini, vinanda! Mvua! Mtu kashuka garini tu, jamani!

Mama mkubwa hakuwa na upande. Yeye aliuliza jambo moja tu kila siku, kabla sijasoma hata mstari: "Kijana ameandika?"

Ikafika siku ikafichuka kwamba Bwana Sanduku alikuwa akiandika. Kila mwezi, miaka yote tisa. Shemeji yake ndiye aliyekuwa akizipokea barua na kuzificha, asije mrithi akarudi. Yalikuwa pale chini, maandishi meupe, na macho yangu mimi ni mazima. Siku hiyo tulikuwa wawili tu dukani. Asubuhi yake ulikuwa umetuma ile picha, wewe na mchumba wako mnacheka kwenye kochi jipya, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka kumwogesha mama mkubwa, nimelowa mpaka kiunoni, nina sketi kumi na nne za kukabidhi kabla ya saa sita. Kijicho kilinipanda, na saa kumi ilipofika kilikuwa bado hakijashuka. Nakitaja kwa jina lake ili usije ukanitafutia jina zuri zaidi. Mama mkubwa akauliza kama kijana ameandika. Nikamwambia hajaandika. Tena kasema nyumbani kwao kunanuka uzee, nikajifanya nasoma.

Aliacha kushona. Akakishika kile kifungo mkononi, hakiweki, hakishoni. Ningeweza kusema pale pale kwamba nimesoma vibaya. Sikusema. Kesho yake nikatia chumvi, keshokutwa nikaongeza, maana uongo ukiukaribisha chai utangoja na chakula cha mchana. Wateja na fundi viatu nikawahamishia saa za asubuhi, tamthilia waitazame makwao, na mwisho nikawa natunga yangu mwenyewe, picha zinakwenda huku na maneno yangu kule, na haki ya Mungu nilikuwa naifurahia. Katika yangu, Dada Funguo alipata haki yake.

Kama ningeishia hapo ningesema ni mambo ya tivii. Lakini meseji zako pia mimi ndiye ninayemsomea.

Sikubadili neno lako hata moja, nakuapia. Nilichofanya ni kwamba nilizisoma kwa sauti ya Bwana Sanduku. Ile ya puani niliyomtungia, ya mtu anayezungumza huku akitazama saa. Wewe uliandika, "Mama, kazi imenibana, nitapiga Jumapili," kwa huruma, yeye akasikia dharau. Hata "nimekukumbuka" ikitokea puani ni kejeli. Nilijua ninachofanya. Siku ya kwanza pengine ulimi uliteleza tu, lakini siku ya pili nilijua. Wiki ile ile akaanza kusema, mwambie nimelala. Nami nikawa nakuambia amelala, saa tano asubuhi, naye amekaa mbele yangu anachambua vifungo.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatatu iliyopita muuguzi kaja kuchukua suruali zake. Mama mkubwa, ambaye siku hizi humsema Bwana Sanduku hata kwa wapita njia, akaanza kwamba mtoto asiyemwandikia mama yake hana haja ya kuitwa mtoto. Muuguzi akaacha kukunja suruali. "Mama, si aliandika? Barua zaidi ya mia, shemeji kazificha zote! Watu tulilia mpaka tukaugua kichwa!" Nilikuwa nimeshika pasi. Niliisahau juu ya sketi ya watu mpaka ikafuka moshi.

Mama mkubwa hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, ulimi wake unaujua. Alisubiri muuguzi aondoke, akaniambia nizime tivii, nifunge mlango, nifungue simu nimsomee meseji zako zote tangu mwanzo. "Kwa sauti uliyozaliwa nayo," akasema.

Zilikuwa sitini na tatu. Nikasoma ile ya kuuliza kama bado anapaka dawa magotini. Nikasoma ile ya chumba cha wageni ulichokipaka rangi ya bluu kwa sababu ndiyo aipendayo, na umesahau kwamba haioni tena vizuri, au hukusahau. Nilipofika kwenye ile ya juzijuzi, kwamba kama umekosa akuambie, utapiga magoti hata kwa simu, nilirudia mstari ule ule mara tatu. Hakunihurumia wala hakunikatiza. Alingoja mpaka nikaimaliza.

Kisha nikamwambia yote, na kijicho nacho. Halafu akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa macho yangu." Basi. Akaomba fimbo yake akaenda ndani.

Tangu siku hiyo hataki nimsomee kitu. Tamthilia imekwisha kwake, na hata kikaratasi cha dawa anangoja muuguzi apite. Namwogesha kama kawaida, namkatia kucha, ananishukuru kwa adabu kama mgeni. Adabu ile inaniua, kaka.

Lakini simu sasa anaishika mwenyewe. Muuguzi amemgandishia shanga juu ya kitufe cha kupokelea, na amejizoeza mpaka hakosei. Kila siku saa kumi anakaa kwenye kigoda, simu mapajani. Hajaniambia nikuombe upige. Anasema yeye ndiye aliyeamini tivii kuliko tumbo lililokuzaa, acha angoje. Wewe umekataliwa mpaka ukachoka ukaacha kupiga, na mwenye kosa si wewe. Naomba upige. Mimi usinisamehe leo kama huwezi, nitangoja zamu yangu, lakini yeye mpigie. Na uje na mchumba wako. Kama hutaki nionekane siku hiyo, niambie tu, nitakuwa na kazi mahali.

Haya yote ningekutumia kwa meseji, lakini meseji ningeifupisha, na nikifupisha najijua, nitajipendelea.

Msalimie sana mchumba wako, na umwambie kwamba wifi yake mtarajiwa ana kasoro zaidi ya alizozitarajia. Fundi viatu anakusalimu, anauliza lini utamletea friji bovu atengenezee kabati la ngozi. Mjomba anakusalimu, na wale mapacha wake nao, wameota meno ya mbele sasa wanatafuna hata tepu yangu ya kupimia. Mungu akulinde na baridi ya ndani ya majokofu na ya nje yake, akufungulie njia ya kuja nyumbani, na akukutanishe na mama yako mkiwa wazima wote wawili.

Jambo la mwisho. Nilitaka kumsomea barua hii kabla sijaifunga, ajue kwamba safari hii nimeandika kweli tupu. Nikamwambia hivyo. Akanigeuzia uso, akauliza atajuaje kama ninachokisoma ndicho kilichoandikwa. Kwa hiyo usiitupe, kaka. Siku ukija njoo nayo, umsomee wewe.

Ni mimi dada yako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Chiriku