Bethoveni wa Makadara

Jumapili, mvua ya masika

Tangu alfajiri mvua inapiga mabati ya hapa Makadara bila kupumzika, nami nimenuna tangu mchana. Sina wa kumlalamikia, basi nalalamika hapa.

Daudi, mwanangu wa kwanza, amepata mtoto wa kiume wiki hii. Kwetu Ukambani hilo halina mjadala: kifungua mimba wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Babu ndiye mimi. Jina langu ni Bethoveni Mutua.

Leo amenipigia simu. Amezunguka weee, mara aulize goti langu, mara aulize mvua, mwishowe akalitoa. Wanataka Mutua. Bethoveni hawalitaki.

"Baba, mtaani kwetu kuna mbwa wa kulinda geti anaitwa hivyo hivyo," akasema. "Mtoto ataitwa, atakuja mbwa."

Nikacheka. Nilipokata simu nikabaki nimeketi kitandani kama mtu aliyezabwa kofi.

Jina hili nilipewa na babangu. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu, na muziki wa mtunzi mwenye jina hilo aliusikia redioni. Alinihadithia mpaka nikachoka: Mjerumani aliyezibika masikio kabisa, na bado akatunga muziki unaosikilizwa dunia nzima. Babangu aliamini nikibeba jina hilo, vidole vyangu navyo vitajua njia.

Maskini. Sina sikio hata la kuazima. Kwaya walinipa kazi ya kupanga viti.

Na jina halikuniacha. Shuleni mwalimu wa muziki aliniita mbele siku ya kwanza, akidhani ameokota dhahabu. Bandarini, nilikokuwa karani mpaka nikastaafu, kuna malori hulia kimuziki chembamba cha kinanda yakirudi nyuma, na kimuziki chenyewe ni cha Mjerumani huyo. Basi lori likianza kurudi, wenzangu wananipigia kelele: Beto, wimbo wako huo, toka njiani! Mtu mwingine akikosea hesabu, amekosea tu. Nikikosea mimi, ati leo hata Bethoveni kakosea.

Sasa mbona naumia? Nimelichukia jina hili maisha yangu yote. Mtu mzima na akili zangu, nataka kumtwika mtoto mchanga?

Alasiri mvua ilipopungua kidogo nikatoka hadi barazani kwa Bi Rukia, mama mwenye nyumba wangu, mtu wa Mji wa Kale hasa. Yeye huniita Bwana Beti tangu nihamie hapa. Nikamweleza yote, akashangaa si kidogo. Kumbe miaka yote hiyo amedhani jina langu latokana na beti za mashairi, na kwamba wazee wangu walikuwa malenga. Mbwa hamjui, Mjerumani hamjui.

Kisha akaniuliza polepole: "Na marehemu babako, yeye alikuwa akikuita vipi?"

Nikainama nikaipuliza chai aliyonimiminia, ingawa ilikuwa imeshapoa.

Babangu hakuwahi kulikata jina langu. Hakuniita Beto wala Beti. Aliniita lote, Bethoveni, kwa upole, hata akinituma chumvi dukani, hata baada ya kujua kwamba siwezi kupiga hata kengele. Aliacha kunikalisha kwenye kinanda, lakini sauti ya kuniita haikubadilika. Tangu afariki, hakuna aliyelitaja jina hili bila kucheka. Mimi mwenyewe nikijitambulisha kwa watu, huanza kucheka kabla yao.

Hilo ndilo linaloniuma. Si mila.

Jioni nimempigia Daudi. Nimemwambia mwiteni Mutua, hakuna neno.

"Baba, umeudhika?"

Nikasema la.

Uongo mtupu.

Kesho navuka daraja la Makupa kwenda kumwona mtoto. Nitampakata Mutua, nitangoja wazazi wake watazame kando, kisha nitainama sikioni pake nimwite Bethoveni, mara moja tu, kwa upole. Hahitaji kuitika.