Mawe Yaliyorudi Kilimani

Mjukuu wangu Akiru,

Ejok, hujambo? Hapa Lodwar tuko wazima. Mjomba wako amerudi kutoka Lowarengak na samaki wakavu, na fungu lako nimeliweka.

Umeniuliza utamjuaje fundi mzuri wa mawe, maana huko Kakuma wamekujia wawili na wote wanajisifu. Nitakueleza tulivyompata wetu.

Nilikuwa msichana. Mifugo ilikuwa imekwisha, hayo tuyaache, na mama alitaka nyumba ya mawe. Fundi wa kwanza alileta mkokoteni umejaa siku hiyo hiyo, mawe mazuri yanayolingana.

"Umeyatoa wapi?" mama akamuuliza.

"Kule kilimani, mama. Nimeyakuta yamerundikwa."

Mama akaketi chini. Unajua mwenyewe, kwetu mawe yakirundikwa hivyo kuna mtu amelala chini yake.

Fundi wa pili, aliyekuwa amekuja kuomba kazi hiyo hiyo, aliugeuza mkokoteni akausukuma kurudi kilimani, nasi tukamfuata. Aliyapanga mawe upya juu ya kaburi, polepole, akilijaribu kila moja kwa mkono kuona kama linatikisika. Nikamuuliza mama ni nani aliyelala pale.

"Sijui," akasema. "Wala fundi hajui. Tazama mikono yake."

Huyo ndiye aliyetujengea. Mvua zimepita, mafuriko yamepita, na barua hii naiandika nimeegemea ukuta wake.

Nyanya yako