Jiwe la Kombe na Mtungi wa Mama

Keko Magurumbasi,
Temeke, Dar es Salaam.
9 Februari 2025

Mpendwa Kaka Mbwana,

Assalam aleikum, na shikamoo. Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe, wifi Wahiba na mtoto wenu Malak. Baridi ya huko imepungua? Sisi huku ni wazima wa mwili. Nimempa Jaffar, jirani yetu anayekuja huko, akufikishie mkononi, maana simu zako nimeshindwa kuzipokea. Si hasira. Nikiishika simu, sauti haitoki.

Mama tulimzika Kimbiji, ubavuni mwa Baba. Watu walikuwa wengi, na barabara mbovu vilevile kama ulivyoiacha. Kila mtu alilia isipokuwa mimi. Mpaka leo sijalia, nimekufa ganzi tu. Nafua, napika, naitikia pole za watu.

Kwenye ujumbe wako umeniuliza kama Mama aliondoka na kinyongo kwa kuwa hukuja miaka yote hii, na kama ndiyo sababu hakuligusa jiko la gesi ulilomnunulia. Nitakueleza ilivyokuwa.

Hata sisi tulidhani amekukasirikia. Jiko lilikaa kwenye kona limefunikwa kitambaa, naye akaendelea kukohoa kwenye moshi wa vipande vya mbao alivyookota kwa mafundi samani. Kumbe sababu ilikuwa lile jiwe ulilomtumia, lenye chapa ya kombe la baharini. Ulimweleza kwamba huko mnakochimba gesi, mbali kabisa na maji, zamani za kale palikuwa bahari. Viumbe vyake vikafa, vikazama kwenye tope lisilo na hewa. Tope likashindiliwa likawa jiwe. Kombe likabaki chapa, na vile vidogo vidogo vikapikwa na joto la chini hadi vikawa gesi, ambayo imenasa humo humo mpaka mlipasue jiwe. Ulidhani unamfurahisha. Mama alishika neno moja tu: vikafa. Akaona umemletea moto wa mzoga, na mzoga haukuingia jikoni kwake hata siku moja.

Shemeji yako Salumu alimwambia gesi ya mtungi wetu haitoki kwenye mawe yenu. Akajibiwa gesi ni gesi. Kukuuliza wewe hakutaka, asije akakuvunja moyo.

Mwezi wa Desemba akamwendea Sheikh Sadallah. Sheikh alicheka mpaka akavua miwani, kisha akamwambia cha baharini hata kikifa chenyewe ni halali, sembuse moto wake. Mama akarudi, akaondoa kitambaa, akapiga bismillahi, akawasha. Chai ilipokuwa inachemka akalishika lile jiwe, akasema:

“Kama hivi vijidudu vimekaa chini miaka yote hiyo na bado vinakuja kutupikia, mie kumngoja Mbwana kunanishinda nini?”

Kwa hiyo kinyongo hakuwa nacho, Kaka. Alikuwa anakungoja. Alipika kwa gesi siku chache tu, kifua kikambana. Daktari alisema kiliharibika zamani, kwa hiyo usilitwishe jiwe lako mzigo huo. Lipo kwenye dirisha la jikoni. Jaffar sikumpa, utakuja kulichukua mwenyewe.

Salumu anakusalimu sana. Mwambie wifi namkumbuka, na Malak ajue ana shangazi. Mwenyezi Mungu awafunike na kheri zake mlipo.

Mtungi ule bado una gesi, nikiutikisa naisikia. Nimerudi kwenye mkaa, isije ikaisha.

Mdogo wako akupendaye,
Raudha